Aya Moja Iliyokimeza Kitabu: Achebe, Awolowo na Kumbukumbu za Biafra

Mwanzoni mwa Oktoba 2012 gazeti la The Guardian la London lilichapa dondoo la kitabu kipya cha Chinua Achebe, mwandishi Mwigbo wa Nigeria, kiitwacho There Was a Country, kumbukumbu zake za vita vya Biafra, dola ya mashariki mwa Nigeria iliyojitenga mwaka 1967. Haikupita wiki, magazeti ya Nigeria yakawaka moto. Wanasiasa, maprofesa, washairi, mawakili, watoto wa mawaziri wa zamani, kila mwenye kalamu alikuwa na lake la kusema, na wengi wao walijibu dondoo lile la gazetini huku kitabu chenyewe hawajakitia machoni.

Aya iliyowasha moto ilimhusu Chifu Obafemi Awolowo, mwanasiasa mkuu wa Wayoruba. Achebe aliandika kwamba, kwa mtazamo wake, Awolowo alisukumwa na uchu wa madaraka, yake mwenyewe na ya watu wake Wayoruba. Kwamba aliwaona Waigbo kuwa ndio kizingiti. Na kwamba vita vya Biafra vilipompa nafasi, alibuni sera ya kuwapunguza kwa njaa, sera iliyoondoa roho zaidi ya milioni 2, wengi wao watoto. Wakati wa vita Awolowo alikuwa kamishna wa fedha na makamu mwenyekiti wa baraza la utawala la serikali ya shirikisho. Kufikia 2012 ilikuwa imepita miaka 25 tangu afariki. Kwa Wayoruba wengi ndiye aliyeleta elimu ya msingi bila ada katika Jimbo la Magharibi mwaka 1955, na jina lake hutajwa kwa heshima wanayopewa wazee waliotangulia. Ukimgusa yeye umeugusa ukoo mzima.

Ninavyokiona mimi kisa hiki, kitabu kilishtakiwa kwa kosa dogo, kubwa likapita. Kelele zote zilikuwa juu ya nani aliwatendea nini Waigbo. Swali la pili, kwamba Achebe amefanya kazi gani kama mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe, liliachiwa watu wachache.

Haki ya kusema alikuwa nayo, hilo halina ubishi. Mwaka 1966 Achebe alikuwa mkurugenzi wa matangazo ya nje katika redio ya taifa, akiishi Lagos. Riwaya yake ya nne, A Man of the People, ilitoka Januari mwaka huo, nayo inaishia kwa wanajeshi kuipindua serikali. Mshairi J.P. Clark, aliyekuwa ameisoma kabla haijafika madukani, alimwambia kuwa ni nabii: yote aliyoyaandika yamekwisha kutokea, yamebaki mapinduzi tu. Tarehe 15 Januari mapinduzi nayo yakatokea. Utani ule ukageuka ushahidi, kwamba kama aliyajua basi alishiriki. Baada ya mapinduzi ya pili ya mwezi Julai, yaliyofanywa na wanajeshi wa Kaskazini, askari walikwenda kazini kwake kumtafuta, wakisema wanataka kuona kipi kina nguvu zaidi, kalamu yake au bunduki yao. Akajificha. Mkewe Christie, akiwa mjamzito, alisafirishwa pamoja na watoto kwa meli hadi Port Harcourt, na mwisho wa safari mimba ikaharibika.

Huko Kaskazini maelfu ya Waigbo waliuawa mwaka huo, na walionusurika wakarudi Mashariki wamesongamana kwenye treni na malori. Tarehe 30 Mei 1967 Luteni Kanali Odumegwu Ojukwu akatangaza nchi ya Biafra. Vita vilianza Julai, vikaisha Januari 1970. Makadirio ya waliokufa yanapishana sana, toka mamia ya maelfu hadi milioni 3, lakini wote wanakubaliana kwamba wengi walikufa kwa njaa na maradhi yake, si kwa risasi.

Achebe hakuwa mtazamaji katika hayo. Alitumwa nchi za nje kuitetea Biafra, akabeba ujumbe wa Ojukwu hadi Dakar kwa Rais Senghor wa Senegal, na akaongoza kamati iliyoandaa Azimio la Ahiara, tamko la misingi ya dola ya Biafra, lililotolewa 1 Juni 1969. Vita vilipokwisha alitoa mashairi na hadithi fupi. Riwaya ya vita haikuja, na kumbukumbu hazikuja. Mwaka 1990 akapata ajali ya gari iliyompoozesha kuanzia kiunoni, na tangu hapo akaishi zaidi Marekani, akifundisha katika vyuo vya Bard na baadaye Brown. Watu walisubiri zaidi ya miaka 40. Ukisubiriwa kiasi hicho, hata ukikohoa kikohozi chako kitachambuliwa.

Majibu ya upande wa Awolowo hayakuwa matusi matupu, ingawa matusi yalikuwepo tele na yalitoka pande zote mbili. Ukizichuja hoja zao zinabaki chache. Mzingiro wa Biafra ulikuwa sera ya serikali nzima ya kijeshi chini ya Jenerali Gowon. Kamishna wa fedha haamrishi vikosi. Serikali hiyo ilikubali chakula cha msaada kipite kwa njia ya ardhini, Ojukwu akakataa. Alisisitiza kiletwe kwa ndege usiku hadi uwanja wa Uli, uwanja huohuo uliopokea silaha zake, na upande wake ukahofia kwamba chakula cha barabarani kingetiwa sumu. Awolowo mwenyewe alikwisha kujieleza mwaka 1983, alipokuwa akiwania urais: alisema alizuru miji iliyochukuliwa na majeshi ya shirikisho, akawaona watoto wenye kwashakoo, akaambiwa chakula wanachopelekewa raia kinatekwa njiani na askari wa Biafra, ndipo ikaamuliwa kisipelekwe tena.

Naye Odia Ofeimun, mshairi aliyewahi kuwa katibu binafsi wa Awolowo, aliandika makala ndefu iliyorudi nyuma hadi Januari 1966. Alikumbusha kwamba wale meja waliopindua serikali walikusudia kumtoa Awolowo gerezani, alikokuwa akitumikia kifungo cha uhaini tangu 1963, na kumkabidhi nchi. Likikubaliwa hilo, hadithi ya Waigbo na Wayoruba kuwa maadui tangu mwanzo inayumba.

Waliomtetea Achebe walikuwa na jibu moja zito: pauni 20. Baada ya vita, wenye akaunti benki waliotoka upande wa Biafra walilipwa pauni 20 kila mmoja, hata aliyekuwa ameweka maelfu. Miaka miwili baadaye ikaja amri ya kuwauzia Wanigeria hisa za kampuni za kigeni, na hao waliotoka vitani mikono mitupu wakabaki kutazama wenzao wakinunua. Habari ya pauni 20 ilitoka katika wizara ya Awolowo, na mwaka 1983 hakuikana, aliitetea.

Tazama mvutano huo ulivyo. Upande mmoja unazungumzia matokeo, wa pili unazungumzia nia, na aliyeufungua mlango wa nia ni Achebe mwenyewe. Kwamba njaa ilitumika kama silaha ya vita, hilo linathibitishika. Maafisa wa shirikisho walilisema hadharani wakati ule. Kwamba ilitumika ili Wayoruba wapate kutawala, hilo linadai ushahidi wa aina nyingine: barua, muhtasari wa kikao, mtu aliyesikia kwa masikio yake. Achebe hana. Alicho nacho ni mtazamo wake, na yeye mwenyewe anakiri kuwa ni mtazamo. Mwanariwaya anaruhusiwa kuingia kifuani mwa mhusika na kutuambia anachokitamani. Anayesimulia maisha halisi hana ruhusa hiyo juu ya watu wengine, na msomaji yeyote anaiona mara moja inapochukuliwa.

Kuna ulinganisho ambao ningependa ungezungumzwa zaidi. Katika mapinduzi ya Januari waliuawa Waziri Mkuu wa shirikisho Tafawa Balewa na mawaziri wakuu wa majimbo mawili, Sardauna Ahmadu Bello wa Kaskazini na Samuel Akintola wa Magharibi, ilhali mawaziri wakuu wa majimbo mengine mawili walibaki hai. Wengi wa waliopanga walikuwa Waigbo, na Kaskazini hilo lilitosha kuyaita mapinduzi ya Waigbo. Achebe anakataa, na ana sababu nzuri: kiongozi wao, Meja Nzeogwu, alizaliwa Kaduna na alizungumza Kihausa kama mtu wa huko, na miongoni mwao alikuwemo Myoruba, Adewale Ademoyega. Anatutaka tuangalie mtu na itikadi yake, tusikimbilie kabila. Sawa kabisa. Basi kwa nini Awolowo hakupewa haki hiyohiyo?

Aliyekaribia zaidi kulisema hili ni Biodun Jeyifo, mhakiki wa mrengo wa kushoto aliyefundisha Cornell na Harvard. Katika mfululizo wa makala kwenye gazeti la The Nation la Nigeria, aliuliza amekwenda wapi yule Achebe wa riwaya. Swali lake lina uzito ukizikumbuka riwaya zenyewe. Okonkwo, ambaye wengi wetu tulikutana naye kwa Kiswahili katika Shujaa Okonkwo, tafsiri ya Things Fall Apart, anaangushwa na wakoloni na pia na ukaidi wake mwenyewe. Chifu Nanga, waziri fisadi wa A Man of the People, anapendwa na walewale anaowaibia. Hakuna anguko lenye mkosaji mmoja katika vitabu hivyo. Katika kitabu hiki, Jeyifo anasema, kabila limepanda juu na mambo ya tabaka yamefifia: Waigbo walifanikiwa, wakachukiwa kwa kufanikiwa kwao, na mengine yote yakafuata. Jeyifo ni Myoruba, na kwa baadhi ya wasomaji hilo lilitosha kumfungia mlango. Mwamba ngoma huvutia kwake, ndiyo, lakini makala zake zilikosoa mbinu ya kitabu, na mbinu haina kabila.

Chimamanda Ngozi Adichie hakuweza kufungiwa mlango huo. Ni Mwigbo, babu zake wawili walikufa katika vita hivyo, na alikwisha kuandika riwaya yake ya Biafra. Alikipitia kitabu katika London Review of Books mwezi huohuo wa Oktoba, na kichwa cha mapitio yake kilisema kuna mambo yaliyobaki bila kusemwa. Mwezi uliofuata, Achebe alipotimiza miaka 82, Adichie aliandika tena, safari hii hoja yake ikiwa kwamba Wanigeria wanavikumbuka vita vile kila upande kwa namna yake.

Kichwa kile cha kwanza ndicho kinachonikaa akilini. Chukua habari ya kifo cha Christopher Okigbo. Okigbo alikuwa mshairi, rafiki wa Achebe, na wakati vita viko mlangoni wawili hao walianzisha nyumba ya uchapishaji mjini Enugu, Citadel Press. Okigbo akaingia jeshini, na mwaka 1967 akauawa upande wa Nsukka. Achebe yuko barabarani, anaendesha gari kutoka Enugu kwenda Ogidi, redio ya gari imewashwa, na mtangazaji anataja jina la rafiki yake. Anasimamisha gari kando ya njia. Anafika nyumbani, anawapa watu wake habari, na mwanawe mdogo wa kiume anamlilia: baba, usimwache afe. Hapo hakuna anayeshtakiwa na hakuna tarakimu hata moja. Sijaona Myoruba wala Mhausa aliyekwenda gazetini kuupinga ukurasa huo.

Mashairi aliyoyapachika kati ya sura, mengi yao ya diwani yake ya mwaka 1971, yana nguvu hiyohiyo. Kuna lile la mama mkimbizi na mwanawe kambini. Harufu ya kuhara imetanda, watoto wamevimba matumbo, kina mama wengi wamekwisha kukata tamaa. Mmoja bado anatoa kitana, anachana vinywele vichache vya rangi ya kutu vilivyobaki kichwani mwa mtoto wake. Zamani angefanya hivyo asubuhi, mtoto anywe chai aende shule, na asingekumbuka kuwa amefanya. Sasa ni kama anaweka maua kwenye kaburi dogo. Beti chache tu, na zinasema juu ya njaa ya Biafra kuliko sura nzima zenye nukuu.

Kisha fungua sura zinazojadili kama yaliyotokea ni mauaji ya kimbari. Sauti imebadilika kabisa. Zimepangwa kama kesi: hoja, mashtaka dhidi ya serikali ya Nigeria, majibu ya Gowon. Wanaosema ni wasomi, waandishi wa habari, wanadiplomasia. Achebe aliyekuwepo haonekani. Aliyebaki ni msomaji mwenye bidii anayetukusanyia maneno ya wengine. Aya ya Awolowo imo humo, katika sehemu ambayo shahidi ametoka kizimbani na kuvaa joho la mwendesha mashtaka. Alipojigeuza hivyo, wasomaji nao wakajigeuza mawakili wa utetezi, na si haki kuwalaumu wao peke yao.

Kinachonikera zaidi ni yale ambayo yeye na wachache tu waliyajua. Mwenyekiti wa ile kamati ya Azimio la Ahiara alikuwa anaingia na kutoka kwa Ojukwu. Ilikuwaje siku viongozi wa Biafra walipoijadili ile njia ya ardhini, huku watoto wanakufa? Nani alipinga? Nani alinyamaza, na alihofia nini? Ojukwu anakosolewa katika kitabu, tena kwa kipimo cha haki, lakini kwa sauti ya mchambuzi aliyesimama mbali. Mtu aliyekuwa na ufunguo wa chumba ametuelezea ukuta wa nje.

Na liko kundi ambalo ugomvi wa Waigbo na Wayoruba ulilifuta kabisa. Biafra haikuwa ya Waigbo peke yao. Waogoni, Waijaw, Waefik, Waibibio na Waikwerre walikuwa ndani ya mipaka yake, na sehemu kubwa ya mafuta yaliyogombaniwa ilikuwa chini ya ardhi yao. Elechi Amadi, mwanariwaya Mwikwerre aliyewahi kuwa kapteni wa jeshi la Nigeria, alitoa kumbukumbu zake za vita mwaka 1973, Sunset in Biafra, na humo anasimulia jinsi Biafra ilivyomweka kizuizini. Ken Saro-Wiwa, Mwogoni, alivuka kwenda upande wa shirikisho, akawa msimamizi wa mji wa bandari wa Bonny, na mwaka 1989 naye akachapisha kumbukumbu zake. Hivyo vitabu vilikuwepo miongo kadhaa kabla ya cha Achebe. Waliomshambulia wangeweza kuvitumia kumuuliza swali gumu kuliko lile la Awolowo: majirani zako wadogo waliionaje nchi yako? Achebe anawagusia kwa kupita tu. Wakosoaji wake wengi nao waliwapita vilevile, nadhani kwa sababu Mwikwerre hawezi kutumika kushinda ubishi kati ya Lagos na Enugu.

Sisi wa Tanzania hatuko nje ya kisa hiki. Tarehe 13 Aprili 1968 serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa ya kwanza duniani kuitambua Biafra. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata, baadaye Haiti. Tamko la serikali liliwalinganisha watu wa Biafra na Wayahudi wa Ujerumani, kwamba wamekataliwa na dola iliyopaswa kuwalinda, na kabla mwezi haujaisha Mwalimu alieleza sababu zake katika gazeti la The Observer la London. Azimio la Ahiara nalo, kwa jina na kwa mwelekeo, linanikumbusha Azimio la Arusha lililolitangulia kwa miaka miwili. Achebe mwenyewe aliifahamu nchi hii mapema: mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika safari yake ya Afrika Mashariki, alikutana na Shaaban Robert, ambaye alimlalamikia taabu ya kupata wachapishaji. Lakini anayemsifu Mwalimu kwa ujasiri ule wa 1968, nami ni mmojawapo, inabidi akisome kitabu cha Amadi akijua kwamba waliomfungia mtu huyu walikuwa dola tuliyoitambua sisi.

Achebe alifariki Boston tarehe 21 Machi 2013, kabla kitabu hakijatimiza mwaka, akazikwa Ogidi mwezi Mei. Mwezi huo mwandishi mwenzake, Wole Soyinka, aliulizwa habari za kitabu hicho. Soyinka ni Myoruba, lakini serikali ya Gowon ilimweka ndani toka 1967 hadi 1969 kwa sababu alikwenda kuonana na Ojukwu akitaka kuzuia vita, kwa hiyo huwezi kumwita adui wa Waigbo. Alisema kuwa ni kitabu ambacho angependa kisingeandikwa kamwe, kisha akafafanua: yaani, si kwa namna kilivyoandikwa. Wengi hunukuu nusu ya kwanza ya jibu hilo. Mimi naona uzito wote uko katika nusu ya pili.

Anayetaka kukisoma leo, ningemshauri asianzie kwa Awolowo. Aanze na utoto wa Ogidi na shule ya Umuahia, asome mashairi yote kwa mfululizo, kisha habari ya Okigbo. Akiweke pembeni, achukue cha Amadi akimalize. Ndipo arudi kwenye zile sura za kesi, na atakuwa na maswali ambayo magazeti ya Oktoba 2012 hayakumuuliza Achebe alipokuwa hai.